Bima ya lazima, bima ya hiari au matibabu kwa kodi: vigezo vya kukusaidia kuchagua

Swali la kama Serikali iwe na mamlaka ya kumlazimisha mtu awe na bima limekuwa la kila siku hapa Dar es Salaam tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Kwenye daladala za Gongo la Mboto, kwenye vikao vya vikoba na kwenye baraza za misikiti baada ya swala, utawasikia watu wenye nia njema wakitofautiana kabisa. Mmoja anasema bila ulazima maskini ataendelea kuuza kiwanja kwa ajili ya upasuaji, na mwingine anasema mtu mzima anayejitafutia riziki hapaswi kuamriwa anunue nini kwa jasho lake. Wengi wamekwama katikati, kwa sababu kila upande ukizungumza unasikika una haki, na makala haya yameandikwa kwa ajili yao.

Nitalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni ulazima, ambapo sheria inamtaka kila mkazi awe na bima na achangie. Ya pili ni hiari, ambapo mifuko na kampuni za bima zipo, lakini kila mtu anaamua mwenyewe kujiunga au kutojiunga. Ya tatu ni kodi, ambapo hakuna anayenunua bima ya matibabu ya msingi kwa sababu hospitali za umma zinagharimiwa na hazina. Nimejikita kwenye bima ya afya kwa kuwa ndiko ubishi uliko, ingawa bima za magari, za masoko na za wafanyakazi zitatajwa pale zinapotusaidia kuona vizuri zaidi.

Maswali manne ya kupimia

Kila njia nitaipima kwa maswali yale yale manne. La kwanza: mtu asipokuwa na bima, nani anaumia? Kama anaumia yeye peke yake, hoja ya kumlazimisha inapungua nguvu, na kama wanaumia wengine, inaongezeka. La pili: nani ataingia na nani atabaki nje? Bima ni chungu kimoja ambamo wazima huwachangia wagonjwa, wakijua kwamba zamu yao itafika, na wakiingia wagonjwa peke yao chungu hakitoshi. La tatu: asiye na uwezo wa kulipa anafanywaje? La nne: aliyelipa akifika kwenye dirisha la dawa anakuta nini, na asipokuta kitu anamwuliza nani? Swali hili la nne huachwa nje ya mijadala mingi, nami naliona zito kuliko mengine yote.

Mfano wa bima ya gari unafika wapi

Wanaotetea ulazima hupenda kuanza na gari. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo barabarani awe walau na bima ya mtu wa tatu, ile ambayo madereva wanaiita bima ndogo, na kwa gari dogo la binafsi kiwango kilichozoeleka ni Sh118,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Bima hiyo haimlindi mwenye gari. Inamlinda mtembea kwa miguu anayevuka Barabara ya Morogoro pale Manzese, ambaye hakuchagua kugongwa na ambaye dereva aliyemgonga huenda hana hata shilingi ya kumlipa. Kwa msingi huohuo mwajiri analazimika kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao leo unachukua asilimia 0.5 ya mishahara, ili kibarua akikatwa na mashine asiachwe na mkono uliofungwa bandeji tu. Na baada ya Soko la Kariakoo kuungua tarehe 10 Julai 2021, Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliyafanya masoko ya umma na majengo ya biashara kuwa miongoni mwa mali zinazopaswa kuwa na bima kwa lazima.

Ukiziangalia bima hizi kwa makini, zote zinamshika mtu kwa sababu ya jambo alilochagua kulifanya: kuendesha gari, kuajiri, kumiliki jengo la biashara. Asiyetaka bima ya gari anaweza kupanda mwendokasi. Mwili hauegeshwi gereji. Anayelazimishwa kuwa na bima ya afya analazimishwa kwa sababu tu yu hai na anaishi nchini, na hiyo ni hatua kubwa zaidi inayohitaji hoja yake yenyewe.

Marekani ilibishania hatua hiyo mpaka kwenye Mahakama ya Juu. Sheria ya afya aliyoisaini Rais Barack Obama mwezi Machi 2010 iliwataka wananchi wengi wawe na bima ya afya au walipe adhabu, na wakati wa kusikiliza shauri mwaka 2012 Jaji Antonin Scalia aliuliza kama serikali inayoweza kumwamuru mtu anunue bima haiwezi pia kumwamuru anunue mboga ya brokoli. Mwezi Juni mwaka huohuo majaji watano dhidi ya wanne waliliacha sharti hilo lisimame, lakini kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia: Jaji Mkuu John Roberts alisema mamlaka ya Bunge la nchi hiyo ya kusimamia biashara hayafiki mahali pa kumlazimisha mtu anunue kitu, ila Bunge linaweza kumtoza kodi asiyekinunua. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ya wanasheria tu, lakini ina maana hata kwetu. Ibara ya 138 ya Katiba yetu inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, na wengi wetu tunakubali kwamba Serikali inaweza kutoza kodi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama ulazima wa bima ni uonevu, ni vyema ujiulize kama tayari unakubali kulipishwa kwa njia nyingine ili matibabu yapatikane.

Njia ya kwanza: ulazima kwa kila mtu

*Nani anaumia.* Hapa ndipo ulazima una hoja yake yenye nguvu kuliko zote. Miaka michache iliyopita fundi ujenzi wa mtaani kwetu, Tandika, alianguka kutoka ghorofa ya pili akavunjika nyonga. Hakuwa na bima, wala hakuwa na mwajiri aliyemsajili popote. Hospitali ilimpokea, kama inavyopaswa, na bili ilipofika mkewe alizunguka na daftari la michango nyumba hadi nyumba. Waliotoa walikuwa muuza vitumbua, dereva wa bajaji, mwalimu wa madrasa na wapangaji wenzake, watu ambao nao hawakuwa na akiba. Kila mwenye ndugu mjini hapa anaijua habari hiyo, na kikundi cha WhatsApp cha ukoo kikilia usiku mtu huogopa kukifungua. Uamuzi wa mtu mmoja wa kutokuwa na bima ulikuwa, kwa vitendo, uamuzi kwa niaba ya mtaa mzima. Anayesema kwamba afya yake ni shauri lake mwenyewe ajiulize ni nani atakayelishika daftari siku hiyo ikifika.

*Nani anaingia.* Ulazima unatibu tatizo ambalo tumeliona kwa macho yetu kwenye Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kwa Sh50,400 kwa mwaka mzazi aliweza kumkatia mtoto bima nzuri, na kwa kuwa kujiunga kulikuwa hiari, wengi walisubiri mpaka mtoto awe anaumwa, wengine wakiwa na watoto wenye maradhi makubwa ya moyo au saratani. Wazazi hao hawakukosea, kwani mimi ningekuwa na mtoto wa namna hiyo ningefanya vivyo hivyo. Lakini mfuko ulizidiwa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa kabla ya kurejeshwa baadaye kwa utaratibu mwingine. Kila mtu akilazimika kuingia, mchango wa watoto wazima unawabeba wagonjwa, na hapana haja ya kuwafungia mlango.

Shida ni kwamba ulazima ni mwepesi kwenye karatasi. Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza asilimia 3 kabla fedha haijamfikia mkononi. Machinga wa Kariakoo hana karatasi ya mshahara ya kukatia. Muswada wa mwaka 2022 ulipendekeza bima iunganishwe na huduma kama leseni ya udereva na leseni ya biashara, na wananchi wengi walipinga kwa sababu iliyo wazi: kumnyima mtu leseni kwa kukosa bima ni kumnyima njia ya kupata fedha ya kulipia bima hiyo. Uswisi, ambayo imelazimisha bima ya afya tangu mwaka 1996, inampangia kampuni ya bima yule anayekataa kuchagua, lakini ni nchi ambayo kila mkazi anajulikana anapoishi na kipato chake kimeandikwa.

*Asiye na uwezo.* Sheria yetu inatambua kwamba wasio na uwezo watalipiwa, na imetaja vyanzo kama tozo kwenye vileo, vinywaji vyenye kaboni, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kaya zilizo maskini kabisa, kama zile zinazotambuliwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), zina mahali pa kuanzia. Wasiwasi wangu ni kwa walio ngazi moja juu yao. Muswada ulipokuwa ukijadiliwa mwaka 2022, viwango vilivyotajwa hadharani vilikuwa Sh340,000 kwa kaya ya watu sita na Sh84,000 kwa mtu mmoja. Ukigawanya kiwango cha kaya kwa siku 365 unapata takribani Sh930 kwa siku, na mama lishe wa Tandale anaweza kuipata Sh930 leo. Asichoweza ni kuwa na Sh340,000 kwa mpigo, kwa sababu fedha yake hulala kwenye mchele, mkaa na ada. Kenya ilipoanza mfuko wake mpya wa afya ya jamii mwezi Oktoba 2024, mwenye mshahara alikatwa asilimia 2.75 kila mwezi, ilhali asiye na ajira rasmi alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na kikwazo kikawa kilekile. Rwanda ilichukua njia ya kuwapanga watu kwa makundi ya kipato, aliye chini kabisa akalipiwa na wengine wakalipa viwango tofauti, na imewafikia zaidi ya watu wanane katika kila kumi. Namna ya kukusanya mchango inaweza kuamua mengi kuliko kiwango chenyewe.

*Kwenye dirisha la dawa.* Serikali ikinilazimisha kulipa, nayo imejifunga. Mwezi Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya, yaani orodha ya huduma na dawa unazozilipia pamoja na bei zake, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake, na watu waliokuwa wamekatwa mishahara mwezi baada ya mwezi wakajikuta na kadi isiyopokelewa mahali walipokuwa wakitibiwa. Pande zote mbili zilikuwa na hesabu zao kuhusu bei, na sitaki kuziamua hapa. Ninachosema ni kwamba mwanachama wa hiari katika hali hiyo angeacha kulipa, lakini wa lazima hana mlango wa kutokea. Ndiyo maana naamini sheria ya ulazima inapaswa kupimwa zaidi kwa vifungu vinavyomfunga mfuko na hospitali kuliko kwa vifungu vinavyomfunga mwananchi: mgonjwa akiandikiwa dawa iliyomo kwenye kitita chake na kuambiwa akanunue nje, nani anamrudishia fedha, na kwa siku ngapi?

*Inamfaa nani.* Ulazima unawafaa zaidi wenye ajira rasmi, familia zenye mgonjwa wa muda mrefu ambazo kampuni binafsi zingezikwepa, na wazee. Hauwafai sana wenye kipato cha kupanda na kushuka, mpaka utaratibu wa kulipa kidogo kidogo uwepo kweli.

Njia ya pili: hiari

*Nani anaumia.* Watetezi wa hiari hawakatai kwamba ndugu huchangia. Wanachosema ni kwamba mtu anazijua shida zake kuliko ofisi yoyote. Kijana wa bodaboda mwenye Sh84,000 anaweza kuona kwamba tairi jipya la nyuma litamlinda zaidi kuliko kadi, na huenda yuko sahihi. Mjane mwenye duka la genge anaweza kuona kwamba kumlipia mwanawe ada ndiyo bima yake ya uzeeni. Maamuzi haya si ya kijinga, na asiyewahi kuchagua kati ya ada na dawa asiyaite hivyo.

Tena hiari ya kwetu haikosi nidhamu. Vyama vya kuzikana vya mitaani ni bima kamili ambayo haijaandikwa na wanasheria: kila kaya inatoa kiasi kidogo kwa mwezi, msiba ukitokea turubai, viti na chakula vinafika, na asiyelipa au asiyehudhuria misiba ya wenzake hutozwa faini. Hakuna polisi anayewalazimisha watu kuingia, lakini walio nje ni wachache, kwa sababu kila mmoja ameona kwa macho yake fedha inakwenda wapi. Ninapowasikia watu wakisema Waswahili hawana utamaduni wa bima, hukumbuka vyama hivi.

*Nani anaingia.* Hapa hiari inadhoofika. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na ulipoboreshwa baadaye kaya ya watu sita huko mikoani iliweza kujiunga kwa Sh30,000 tu kwa mwaka. Hata hivyo, wakati sheria mpya inapitishwa, takwimu za Serikali zilionyesha kwamba takribani asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima ya afya ya aina yoyote. Mtu anayelipa mwaka wa kwanza na asiumwe huona fedha yake imepotea, na mwaka wa pili harudi. Bima ya kuzikana haina tatizo hilo, kwa kuwa msiba wa jirani unaonekana na ugonjwa wake mara nyingi unafichwa.

Kwa haki ya upande huu ni lazima pia niseme kilichotokea Marekani. Adhabu ya kutokuwa na bima iliondolewa na Bunge lao kwa sheria ya mwezi Desemba 2017, ikashuka hadi sifuri kuanzia mwaka 2019, na waliotabiri kwamba soko la bima lingeporomoka hawakupata walichokitabiri. Ruzuku kwa wenye kipato cha chini na cha kati iliendelea kuwepo, na watu wengi waliendelea kujiunga kwa sababu bei ilikuwa inawezekana. Funzo lake ni kwamba pale fedha ya ruzuku ipo, fimbo inaweza isihitajike sana kama ilivyodhaniwa.

*Asiye na uwezo.* Kwenye hiari hana kadi, na anategemea msamaha. Atapita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, atatakiwa barua kutoka serikali ya mtaa, na atajieleza umaskini wake mbele ya watu asiowajua. Wapo maofisa wa ustawi wa jamii wanaofanya kazi hiyo kwa utu mkubwa, lakini utaratibu wenyewe unamtaka mtu aombe akiwa tayari anaumwa, wakati ambao ni mgumu kuliko wote wa kuomba.

*Kwenye dirisha la dawa.* Mfuko wa hiari una sababu ya kukuheshimu, kwa kuwa wewe mwanachama unaweza kuondoka. Sharti ni kwamba wewe uwe mzima. Mwenye sukari au figo anayetegemea kadi yake kila wiki hana pa kwenda, na kampuni inaweza kumpandishia bei au kukataa kumwongezea muda.

*Inamfaa nani.* Hiari inawafaa vijana wasio na wategemezi, wenye akiba ya kutosha, na walio kwenye vikundi imara vinavyoweza kununua bima ya pamoja. Inawaacha wengine mikononi mwa ndugu zao.

Njia ya tatu: kodi

*Nani anaumia.* Swali hili linafutika kwa sehemu kubwa, kwa kuwa kila mtu anatibiwa, awe na bima au asiwe nayo. Uingereza imetumia njia hii tangu tarehe 5 Julai 1948. Sisi wenyewe tuliijaribu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambapo matibabu katika vituo vya umma yalikuwa bure, mpaka uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993. Wazazi wetu wanakumbuka miaka ile kwa namna mbili: heshima ya kutoulizwa fedha mlangoni, na kabati la dawa lililokuwa tupu uchumi ulipoyumba.

*Nani anaingia.* Wote, bila kadi wala usajili. Hata hivyo kodi nayo ni ulazima, ila unailipa kidogo kidogo mahali ambapo huioni. Ghana imechanganya njia: ina bima ya afya ya taifa, na sehemu kubwa ya fedha yake hutoka kwenye tozo ya asilimia 2.5 inayolipwa kama kodi ya ongezeko la thamani. Kwa nchi ambayo wengi hawana mshahara wa kukatwa, kukusanya kwenye bidhaa ni rahisi kuliko kumfuata machinga mmoja mmoja.

*Asiye na uwezo.* Anatibiwa bila kujieleza, na hilo ni jambo kubwa la utu. Lakini kama kodi yenyewe iko kwenye sabuni na mafuta, naye ameilipa, na kwa sehemu kubwa ya kipato chake kuliko tajiri wa Masaki.

*Kwenye dirisha la dawa.* Mgonjwa hana mkataba wa kuuonyesha. Sera yetu imekuwa ikitoa matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, na kila aliyempeleka mzee wake anajua kwamba bure ya kumwona daktari inaweza kufuatiwa na orodha ya dawa za kununua duka la nje. Bajeti ya afya inashindana na barabara, reli na elimu kila mwaka. Mwaka 2001 nchi za Afrika ziliahidi mjini Abuja kwamba zitatenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya, na nyingi hazijafika hapo. Wa kumwuliza ni mbunge wako.

*Inamfaa nani.* Inawafaa maskini, wagonjwa wa muda mrefu na wasio na makazi ya kudumu, mahali ambapo Serikali ina makusanyo ya uhakika na imezoea kuheshimu kipaumbele ilichojiwekea.

Uchague vipi, kulingana na hali yako

Kama umeajiriwa rasmi, ulazima tayari unakuhusu, na swali lako la maana ni kama mwajiri wako anapeleka michango kwa wakati. Omba taarifa ya michango yako mapema, kwa kuwa siku ya kulazwa si siku ya kugundua kwamba ulikatwa na haikupelekwa. Ukitaka kuunga mkono au kupinga sheria, ungana na wenzako kudai vifungu vya kurudishiwa fedha dawa inapokosekana, maana ninyi ndio wachangiaji ambao mfuko hauwezi kuwapuuza.

Kama una bodaboda, bajaji au gari, tenganisha bima mbili akilini mwako. Ile ya mtu wa tatu inamlinda unayeweza kumwumiza, na sioni hoja nzuri ya kuifanya hiari. Hakikisha stika uliyouziwa inaonekana kwenye mfumo wa uhakiki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa sababu stika bandia haimlipi majeruhi. Ile ya afya yako mwenyewe ipime kwa maswali manne ya hapo juu.

Kama unaishi kwa fedha ya siku, na unakubali kwamba kila mtu achangie lakini unaogopa bei, hoja yako iko kwenye namna ya kulipa. Ulizia kama kikundi chako cha vikoba kinaweza kujiunga kwa pamoja na kukusanya mchango kwa wiki, na ukifika kwenye mkutano wa mtaa sema waziwazi kwamba unaweza kulipa Sh1,000 kwa siku lakini huwezi laki tatu kwa siku moja. Mtunga sera anayelisikia hilo mara nyingi atalielewa kuliko akisikia tu kwamba wananchi hawataki.

Kama wewe ni kijana mzima na unaona unalazimishwa kuwabeba wengine, ni kweli unawabeba, na wenzako watakubeba wewe zamu yako ikifika. Kama bado unapendelea hiari, basi ibebe na gharama yake: weka akiba inayoweza kulipia walau upasuaji mmoja wa dharura, ili uhuru wako usiishie kwenye daftari la michango la mama yako mdogo.

Kama unamuuguza mtu mwenye maradhi ya kudumu, hiari ndiyo hatari zaidi kwako, na kati ya ulazima na kodi angalia ni upi unaotaja dawa za mgonjwa wako kwa jina ndani ya kitita. Omba orodha hiyo kabla ya kulipa, uisome pamoja na daktari wake, na uitunze kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki.